Subaru Impreza GC8 na GDB: kipuri kipi kinaingiliana

Matundu ya rimu za GC8 (Impreza ya kizazi cha kwanza) na za GDB za mwanzo (STI, yaani toleo lenye nguvu, ya kizazi cha pili) yanaingiliana bila ubishi: nati tano, duara la milimita 100. STI ya 2005 ilihamia 114.3, kwa hiyo ukizikuta rimu zake Ngamiani, Tanga, hata zing'ae vipi, ziache hapohapo.

Giaboksi ndiyo inayokula pesa. Ya GC8 ina gia tano, na injini ikiongezewa nguvu meno ya gia hukatika. Ya STI GDB ni gia sita, ngumu kweli, lakini haifungwi peke yake: dai na difu ya nyuma ya R180, eksel, hab za nyuma na propela shafti, vyote vya gari moja. Muuzaji akisema "difu ni difu tu", ondoka. Zungusha pinioni (shafti ya difu inayofungwa propela), hesabu mizunguko yake kwa mzunguko mmoja wa flenji za pembeni (zinakofungwa eksel): huo ndio uwiano wa difu, na wa mbele na nyuma lazima ulingane. Ukiwa mbele 4.11 na nyuma 4.44, difu ya kati, iliyo ndani ya giaboksi, itachemka kabla hujafika Pangani.

Kagua pia kutu kwenye mabomba ya breki. Temingi belti ya mtumba usiguse: ikikatika, valvu zinapinda.