Idhini ya kuingia Kenya kwa mtandao: yamfaa mtalii, yamsumbua jamaa

Tarehe 12 Desemba 2023, katika sherehe za Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni yeyote, atokako popote duniani, hatahitaji viza kuingia Kenya. Kwetu Mombasa, ambako ni nadra kupata ukoo usio na tawi Maskati, London au Toronto, habari hiyo ilipokelewa kwa furaha. Kilichofuata ni fomu. Isipokuwa raia wa nchi jirani za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kila msafiri, watoto wakiwemo, alitakiwa kuomba kwanza idhini ya kusafiri ya kielektroniki, iitwayo kwa ufupi eTA, na ada yake ikawekwa dola 30. Kwa kuwa mimi ndiye ninayewajazia jamaa fomu hizo, nimeona niitathmini kama huduma nyingine yoyote inayolipiwa, nikiyaacha kando makofi ya siku ya tangazo.

Kwa upande wa utendaji, huduma hii inastahili sifa. Mwombaji anapiga picha ukurasa wa pasi wenye jina na picha yake, anajipiga picha ya uso, anaeleza tarehe za safari, ndege atakayopanda na mahali atakapolala, kisha analipa kwa kadi. Pasi iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kuwasili, na maombi yanapokelewa ndani ya miezi mitatu kabla ya safari. Jibu huletwa kwa barua pepe, na msafiri anashauriwa kuhesabu siku tatu za kazi, ingawa mtu mwangalifu hatangoja wiki ya mwisho. Maswali yamepangwa kwa utaratibu unaoeleweka hata na mama mtu mzima anayejibu kwa simu huku mimi nikiandika, na fomu inafunguka vizuri kwenye simu ya kawaida.

Bei nayo haina ubaya mkubwa. Viza ya zamani ya kuingia mara moja ilikuwa dola 50, hivyo mtalii amepunguziwa. Anayelalamika kuhusu dola 30 na akumbuke kwamba ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ilipandishwa hadi yuro 90 mwezi Juni 2024, na kwamba Mkenya anayeomba viza hiyo hupanga foleni, hutoa taarifa za benki, na akikataliwa harudishiwi fedha zake. Nikilinganisha hayo mawili, sioni Kenya imemdhulumu Mzungu.

Kasoro ninayoiona ni ya namna nyingine, nayo ni kwamba fomu hii ilibuniwa kwa kumfikiria mtu wa hoteli. Mtalii anayekwenda Diani au Maasai Mara anabandika uthibitisho wa malazi na safari yake imekwisha kupangika. Lakini fikiria mjukuu mwenye pasi ya Oman anayekuja kumwangalia nyanya yake Mji wa Kale: yeye anatakiwa awe na barua ya mwaliko pamoja na nakala ya kitambulisho cha mwenyeji wake. Nyanya huyo hajaandika barua ya kiserikali maishani mwake, na kumwambia kwamba mjukuu anahitaji mwaliko wa maandishi ili aje nyumbani kwao ni jambo linalohitaji ufasaha kuliko nilio nao. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakutaja nakala ya kitambulisho. Naelewa kwamba serikali ina haki ya kujua mgeni atafikia wapi. Ila anwani na namba ya simu ya mwenyeji, ambazo fomu inaweza kuziuliza moja kwa moja, zingetosha kwa uchunguzi huo na kumwondolea mzee usumbufu.

Upande wa Afrika ndio uliokuwa mbaya zaidi hapo mwanzo. Raia wa nchi kama Malawi na Zambia, ambao walikuwa wakiingia Kenya bila viza, walijikuta wanajaza fomu na kulipa kwa jina la ufunguzi wa mipaka, na haishangazi kwamba katika orodha ya mwaka 2024 ya uwazi wa viza barani Afrika Kenya iliporomoka hadi nafasi ya 46. Wakati huo Rwanda ilikuwa imekwisha kuwafungulia Waafrika wote bila malipo. Nairobi ilisikia lawama. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mabadiliko mapema mwaka 2025, na kufikia Julai mwaka huo raia wa karibu nchi zote za Afrika, pamoja na wengi wa visiwa vya Karibea, waliondolewa sharti la idhini. Waafrika waliobaki nje ni raia wa Libya na wa Somalia, kwa sababu zilizoelezwa kuwa za kiusalama. Hapo kwa Somalia ndipo ninaposita, kwa kuwa nchi hiyo imo sasa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na familia zilizogawanyika kati ya Eastleigh na Mogadishu ni nyingi mno kuliko za kwetu zilizogawanyika kati ya Mombasa na Maskati. Uanachama usiompunguzia raia hata fomu moja unamfaa nini?

Kuhusu udanganyifu nitasema kwa kifupi. Ukiandika maneno ya viza ya Kenya katika intaneti, utaletewa kurasa nyingi za mawakala zenye bendera na nembo, zinazotoza mara mbili au tatu ya ada halali kwa kazi ya kunakili majibu yako mwenyewe. Ukurasa wa serikali ni etakenya.go.ke, na alama ya kuangalia ni hiyo go.ke ya mwisho.

Kwa jumla naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano: nne kwa ufundi na bei, mbili kwa jinsi inavyomtazama mtu anayekuja kwao. Huyo wa mwisho, kabla hajatoa kadi yake ya benki, nina desturi ya kumuuliza alizaliwa na nani. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine, na aliyeupoteza chini ya sheria za zamani ana haki ya kuurudisha kwa kutuma maombi. Wako watu wazima Uingereza na Kanada ambao kila likizo hulipa dola zao 30 na kugongewa muhuri wa mgeni, ilhali mama zao walizaliwa Kenya wakiwa raia na vyeti vimo sandukuni. Maombi ya uraia yana karatasi nyingi kuliko eTA na yanakwenda polepole, lakini yakikamilika hayahitaji barua ya mwaliko ya mtu yeyote.