Chupa ya Kwanza ya Wiski: Nimezipanga kwa Ulimi, Si kwa Umri

Mbele ya rafu ya wiski macho hukimbilia namba: 12, 15, 18. Huo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, nao huhesabiwa ndani ya pipa tu. Ikishatiwa chupani, haizeeki tena. Rangi nayo isikuhadae, kwani sheria ya Scotch, yaani wiski ya Uskoti, inaruhusu kutia karameli ya kukoleza rangi.

Kwa mwenye pesa ya chupa moja, namba moja naipa Johnnie Walker Black Label. Kuna wajuzi watakaonuna kwa kuwa ni mchanganyiko wa wiski ya kimea (shayiri iliyooteshwa) na ya nafaka nyingine, si kimea kitupu. Wanune. Humo mna utamu, matunda makavu na moshi wa mbali, hivyo utagundua mapema ulimi wako unapenda nini.

Ya pili ni Maker's Mark. Hii ni bourbon, wiski ya Kimarekani: angalau 51% ya nafaka yake ni mahindi, na pipa lazima liwe jipya, la mwaloni uliounguzwa kwa ndani. Scotch kwa kawaida hulazwa kwenye mapipa yaliyokwisha tumika, mengi yakiwa yametoka kwenye bourbon. Fikiria majani ya chai: yakichemshwa mara ya kwanza hukolea upesi, ya marudio huhitaji subira. Ndiyo maana bourbon isiyoandikwa umri inaweza kujaa vanila. Maker's Mark hutumia ngano badala ya rai (nafaka iitwayo rye), kwa hiyo haikwaruzi koo.

Ya tatu ni Jameson, iliyokenekwa mara tatu: nyepesi kuinywa, nyepesi kuisahau. Glenfiddich 12 inafuata, na harufu yake ya peasi.

Laphroaig 10 ni ya mwisho, ingawa kwangu ndiyo huisha kwanza. Kimea chake hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni, na inanukia mwani na dawa ya kidonda. Onja kwanza ya mwenzako.

Au usiniamini. Mwombe mtu akumiminie tatu, kidogo kidogo, bila kukuonyesha chupa, yenye moshi ije mwisho. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, onja, kisha dondoshea maji na urudie. Nilipojaribu hivyo mara ya kwanza, ile ya bei kubwa niliyokuwa nikiitetea kila siku niliipa nafasi ya tatu.