Barakoa na magauni ya tenda ya dharura: nyota mbili kati ya tano

Naandika kama nesi niliyevaa hivi vitu wodini kipindi cha korona. Nianze na barakoa maana ndo inakaa usoni shifti nzima. Tulizoletewa kwenye manunuzi ya dharura zimeandikwa KN95 (kiwango cha China cha barakoa ya kuchuja 95% ya chembechembe za hewani), boksi safi kabisa, ila lastiki ni za masikioni na ule waya wa pua laini mno, unaukunja unajirudia wenyewe, ukipumua kwa nguvu unasikia hewa inatokea pembeni ya pua na miwani inajaa ukungu hapohapo. Sasa hata kama kitambaa kinachuja 95% kitasaidia nini wakati hewa inapita pembeni? Ndo maana barakoa nyingi za kukaa na wagonjwa wa kukohoa zina mikanda miwili ya kuzunguka kichwa, ili zibane.

Na hayakutukuta sisi tu. Uingereza kwenye mkataba wa pauni milioni 252 kulikuwa na barakoa milioni 50 ambazo hospitali zao hazikuzitumia, shida ni hizohizo lastiki za masikioni. Uholanzi nao Machi 2020 walipokea barakoa milioni 1.3 kutoka China, karibu 600,000 zikawa zimeshafika hospitalini ndo ikaonekana hazibani usoni na chujio lake halifanyi kazi vizuri, ikabidi zikusanywe tena. Fikiria mtu alikuwa ameshaingia nayo kwa mgonjwa.

Glavu zilikuwa nzuri, za nitrili (aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani), hazichaniki ovyo, hapo sina neno.

Gauni ndo liliniuma kabisa. Tulimwagia maji kidogo kwenye mkono wa gauni yakapenya mpaka ndani, na mshono wa kwapani ukawa unaachia ukiinama kumgeuza mgonjwa, basi tukawa tunavaa aproni ya plastiki juu yake, yaani kifaa cha kukinga nacho kinakingwa.

Najua kuna watakaosema ilikuwa dharura, na ni kweli kabisa. Mwanzoni mwa Machi 2020 WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema bei ya barakoa za upasuaji imepanda mara 6, N95 (zinazofanana na KN95 ila kwa kiwango cha Marekani) mara 3, magauni mara 2. Kila nchi inagombania viwanda vilevile, muuzaji anataka hela mbele kabla mzigo haujapanda ndege, ukisema usubiri tenda ya kawaida mzigo umeshaenda kwa mwingine. Kwahiyo kununua moja kwa moja bila kushindanisha mimi sipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuruka na zile hatua ambazo hazichukui muda: kuuliza huyu saplaya amewahi kuuza vifaa vya hospitali au kampuni imefunguliwa juzi, kupiga simu maabara iliyotajwa kwenye cheti kama kweli wamekitoa, na kumpa nesi mmoja sampuli avae kabla hela haijatoka. Nesi mmoja tu jamani!

Tena wakiruka hizo hatua, anayepita ni mwenye kujuana. Uingereza kulikuwa na njia maalum ya kampuni zilizopendekezwa na wabunge, mawaziri na maafisa, mkaguzi wao mkuu akakuta kampuni 1 kati ya 10 ya njia ile ilipata mkataba, za nje ya njia ile hazikufika hata 1 kati ya 100, na Januari 2022 mahakama ikasema utaratibu ule haukuwa halali. Ukraine nao walikuwa na haraka ileile lakini mikataba ya korona waliiweka wazi kwenye Prozorro, mfumo wao wa manunuzi ya serikali mtandaoni, mtu yeyote anaona nani kauza na kwa bei gani. Kumbe inawezekana.

Kama upo stoo na mzigo wa namna hii umekuja, naomba sana usisaini kupokea kwa kuangalia boksi la juu. Fungua la katikati na la chini, vaa, mwagia maji, vuta mshono, kasoro ziandike kwenye karatasi ya mapokezi siku hiyohiyo na upige picha lebo, kwasababu kudai hela baadae ni kazi. Kuna magauni milioni 25 Uingereza walinunua 2020, mahakama imekuja kuamua Oktoba 2025 kwamba hayakuthibitishwa kuwa safi bila vijidudu na kampuni irudishe pauni milioni 122, na muda wote huo hakuna nesi aliyevaa hata moja.