Unga wa ubuyu mweupe wa Dodoma: uzoefu wangu jikoni

Ubuyu ninaouzungumzia hapa si ule mwekundu wa Zanzibar, wenye sukari, iliki na rangi, unaomumunywa mpaka ulimi unabadilika. Ule ni kitafunwa, na una siku zake. Huu ni unga mweupe, mkavu, usiotiwa kitu chochote, unaotokana na mibuyu ya huku kwetu: Mpwapwa, Kongwa, Chamwino na ukanda wote wa kuteremkia Mtera. Nimeutumia muda mrefu sasa, na nyumbani kwangu umechukua nafasi ya ndimu karibu kwenye kila chungu. Anayejua bei ya ndimu ikipanda hapa mjini ataelewa.

Ninaoutumia sasa niliununua kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni, kwa kikundi cha kina mama. Pakiti ya nusu kilo, shilingi elfu tano. Kilichonivuta ni kwamba mama aliyekuwa mezani alikuwa na mabuyu mazima pembeni ya pakiti. Alichukua moja, lile ganda lake la kijani linalofifia kuwa kahawia, lenye manyoya laini ya mahameli, akaligonga kwenye jiwe mpaka likapasuka. Ndani mabonge meupe, makavu, yameshikana na nyuzi nyekundu, na kila bonge limefumbata mbegu yake nyeusi.

"Onja huu kwanza, mwanangu, kisha uonje wa kwenye pakiti. Ukiona tofauti, usinunue."

Nikaonja vyote viwili. Uchachu mmoja, ukavu mmoja unaonyonya mate yote mdomoni, na kautamu kadogo kanakofuata nyuma. Nikalipa.

Ubora wa ubuyu unaanzia hapo kwenye ganda. Nyama ya tunda hili hujikausha yenyewe ndani ya buyu likiwa bado juu ya mti, kwa hiyo hakuna haja ya tanuri wala ya kulianika juani. Kazi inayobaki ni kupasua, kutwanga polepole kwenye kinu ili nyama iachane na mbegu bila mbegu kuvunjika, na kuchekecha. Moto haugusi chochote. Hilo lina maana kubwa kwa vitamini C, ambayo huharibika kwa joto. Kiasi chake hutofautiana sana kutoka mti hadi mti, lakini vipimo vingi huangukia kati ya miligramu 150 na 500 kwa gramu 100 za unga, wakati chungwa huwa na kama 50 kwa uzito huohuo. Ni kweli chungwa ni la maji na unga ni mkavu, na hakuna mtu anayebugia gramu 100 za ubuyu. Hata hivyo, kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi bado ni mchango mzuri kwa siku. Kuna pia madini ya kalsiamu na potasiamu, na nyuzinyuzi zinazokaribia nusu ya uzito wa unga wenyewe. Kwa sababu ya hizo nyuzinyuzi, asiyezoea aanze na kijiko cha chai, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Jikoni, kanuni yangu ni moja: ubuyu uingie mwishoni, chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Uji wa ulezi au wa mtama nauacha upoe kidogo, kisha natia vijiko viwili nilivyokwisha kuvikoroga pembeni na maji ya uvuguvugu ili usifanye madonge. Uji unapata uchachu uliotulia, kuliko wa ndimu, na unakuwa mzito kidogo. Watoto wanaosumbua kunywa uji wanamaliza kikombe.

Kwenye maharage na kunde subiri mpaka viive kabisa. Kitu kichachu kikitangulia, maharage yanagoma kulainika na mkaa unateketea bure. Ukitia mwishoni unapata faida mbili, ladha na afya, maana vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga za majani. Kwa nyumba yenye mjamzito au mtoto anayekua, hilo tu linatosha kunifanya nisiukose kabatini.

Kwenye mlenda usithubutu. Uchachu unakata ule mvutiko, na mlenda usiovutika si mlenda. Tena kama umetiwa magadi, vikikutana vinafuka povu. Ugali wa uwele na mlenda wake viache kama vilivyo, juisi ya ubuyu iwe kwenye glasi pembeni.

Juisi yenyewe haihitaji ufundi. Maji ya uvuguvugu, unga, koroga, acha itulie kidogo, chuja kwa chujio la chai. Mimi natia tangawizi iliyopondwa na sukari kidogo sana. Msimu wa zabibu ukifika, nasaga kiganja cha zabibu nyekundu humo humo, na hiyo ndiyo juisi ninayompa mgeni. Ukipenda maziwa, tumia mtindi; maziwa ya moto yatakatika.

Lakini palipouzidisha heshima machoni pangu ni kwenye samaki na nyama. Perege wa Mtera nampaka unga wa ubuyu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, namwacha nusu saa kisha namkaanga. Ngozi inashika ukoko mkavu, na ile harufu ya tope ambayo samaki wa bwawa wakati mwingine huwa nayo inapotea. Nyama ya mbuzi nailaza na ubuyu na tangawizi kabla ya kuichoma. Mpaka sasa nashangaa kwa nini wachoma nyama wetu hawautumii.

Nina malalamiko. Pakiti nyingine, niliyoinunua dukani nilipoishiwa, ilikuwa imeandikwa kwamba inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Ndani unga ulikuwa umeshika unyevu, umeganda mabonge, na weupe wake umegeuka wekundu wa kufifia, dalili kwamba umekaa sana. Mimi naliona hili kwa uchungu kwa sababu nyumbani nina mama mkwe mwenye kisukari, na watu wa aina yake ndio wanaozisoma pakiti hizo kwa matumaini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, walichapisha matokeo kwamba watu waliokunywa kinywaji cha ubuyu pamoja na mkate mweupe, sukari yao ya damu haikupanda sana kama walipokula mkate bila ubuyu. Ni habari njema, na ni sababu nzuri ya kunywa juisi isiyo na sukari wakati wa chakula. Sio ruhusa ya kuacha dawa za kliniki. Mama mkwe anameza vidonge vyake, na juisi anakunywa kwa sababu anaipenda. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeharisha: ubuyu wa kumpa hamu ya kunywa sawa, ila ORS na zinki kwanza.

Kwa anayetaka kununua, angalia rangi iwe nyeupe ya maziwa, unga uteleze ukiitikisa pakiti, na orodha ya viambato iwe na neno moja tu, ubuyu. Kama kuna nembo ya TBS, vizuri zaidi. Ukifika nyumbani uhamishie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, na usichote kwa kijiko chenye maji. Mafuta ya mbegu zake ni bidhaa nyingine kabisa: nayapaka kwenye visigino na mikono wakati wa upepo mkavu wa mwezi wa saba, na yanafanya kazi nzuri. Kuyanywa mabichi siyanywi, kwa kuwa yana aina ya asidi za mafuta zisizofaa kuliwa bila kusafishwa.

Kwa ubora nawapa wale kina mama alama zote. Kwa vifungashio napunguza kidogo. Plastiki yao ni nyembamba, inapasuka kwenye mkunjo, na unga huu haustahili kupotea kwenye mkoba.