Gari imekufa na unatafuta nyingine? Nimekupangia njia, kuanzia ya kuaminika mpaka ya hatari

Kutafuta gari ya kuziba pengo kunachosha sana, tofauti kabisa na ile gari ya kwanza uliyoitafuta kwa raha zako. Sasa hivi unachelewa kila mahali, hela ulikuwa hujaipanga, na muuzaji akikuona tu anajua una haraka. Mimi nilizunguka wiki sita, madalali watatu wakanipigia kuhusu gari moja ileile kila mmoja na bei yake, nyingine nikaambiwa haijawahi kugongwa, kufika nakuta rangi ya mlango wa nyuma haifanani na bodi. Ndio maana nimezipanga hizi njia hasa kwa kigezo kimoja, unaweza kujua ukweli wa gari kiasi gani kabla hujatoa hela.

Ya kwanza wengi hawaifikirii: hiyohiyo gari yako. Maradhi yake yote unayajua. Kama kilichokufa ni gia boksi au injini na bodi bado nzima, pata makadirio ya mafundi wawili halafu linganisha na gari ya hela hiyohiyo ambayo huijui kabisa. Ila kama chesisi, yaani fremu inayobeba gari, imepinda au imeliwa na kutu, achana nayo.

Ya pili ni kununua kwa mwenye gari mwenyewe, ana kwa ana, mwenye risiti za sevisi. Hapa nitakaa kidogo. Gari yenye kilomita 160,000 na risiti zake mimi naichukua kabla ya yenye 80,000 isiyo na karatasi hata moja, kwa sababu kilomita zinarudishwa nyuma, hata hizi za dijitali. Angalia mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva, vikiwa vimelika sana na dashibodi inasoma kilomita chache, kuna uongo hapo. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, sasa ukiambiwa gari imetembea kilomita 15,000 tu na tairi zote ni za juzi, uliza za mwanzo zilienda wapi. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, gusa boneti ukifika, ikiwa ya moto rudi siku nyingine maana injini ya baridi ndiyo inasema ukweli. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, mara nyingi maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hiyo ni kazi kubwa.

Ya tatu, muuzaji anayetoa waranti. Soma waranti yenyewe, usisomewe. Nyingi zinagusa injini na gia boksi, vitu vya kulika kama klachi na breki havimo.

Ya nne gari mpya kabisa, historia haina shida, lakini nimeishusha mpaka hapa kwa sababu mwaka wa kwanza ndio inapoteza thamani zaidi, kwa hiyo ni ya mtu atakayekaa nayo miaka mingi na anayeweza kusubiri.

Ya tano, yadi na madalali. Zipo nzuri, sikatai, tatizo anayekuuzia mara nyingi hata yeye hajui gari ilikotoka. Nenda na fundi wako, sio wa kwao, na wakikataa asiipime ondoka hapohapo.

Ya mwisho mnada. Mara nyingi huruhusiwi kuiendesha na unaichukua kama ilivyo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, ukiona mstari wa tope au unanusa uvundo hiyo imezama kwenye mafuriko, na umeme wake utakusumbua mpaka uichukie.

Popote utakaponunulia, namba ya chesisi kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi ya gari herufi kwa herufi, gari nyingi za kisasa ni tarakimu na herufi 17. Mimi niliacha moja niliyoipenda sana kwa tofauti ya herufi moja tu, muuzaji akasema ni makosa ya kuandika, nikamwambia akairekebishe kwanza ndio nitoe hela, mpaka leo hajanipigia.