Uchambuzi: Kabichi Chachu ya Chupa, na Soseji za Kupikia Nayo

Assalaam alaykum wenzangu, karibuni tena jikoni. Hii hapa ndiyo yenyewe, sauerkraut, kabichi ya Kijerumani iliyochachushwa, chupa ya gramu 680. Siku hizi inaonekana kwenye maduka makubwa hapa mjini Unguja, upande ule wa vitu vinavyonunuliwa sana na wageni, na wengi mnaipita kwa kuwa hamjui inaliwa na nini. Inaliwa na soseji. Leo naionja chupa, naonja soseji, halafu vyote vinaingia kikaangoni mkiona wenyewe.

Kwanza tusome karatasi ya chupa, na hapa msinikimbize, maana hapa ndipo penye kazi kwa sisi Waislamu. Hii yangu imeandikwa vitu viwili tu, kabichi na chumvi. Basi hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini rafu ile ile ilikuwa na nyingine, chupa zinafanana kama pacha, imeandikwa Weinsauerkraut. Hiyo imetiwa mvinyo mweupe. Haina picha ya zabibu wala ya chupa ya ulevi, ni zile herufi nne za mwanzo, Wein, na usipozitazama umeshalipa. Na zipo zinazouzwa zimeshapikwa, nyingine zina mafuta au nyama ya nguruwe. Mkiona Speck, Schmalz au Schwein, rudisheni mlipoitoa. Soseji ndiyo usiseme, kule kwao nyingi ni za nguruwe. Tafuta za ng'ombe zenye alama ya halali, alama iwe ya kusomeka, si mchoro wa ng'ombe tu.

Haya, naonja hivi hivi bila ya kupika. Bismillah... Mmh. Ni chachu, lakini haichomi koo kama siki, kwa sababu siki haimo. Kabichi imekatwa nyembamba, ikatiwa chumvi, ikashindiliwa mpaka ikatoa maji yake yenyewe. Bakteria waliomo kwenye majani wanakula sukari ya kabichi na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha mtindi. Aliyekua na achari ya embe mezani hii haimshtui. Chumvi iko juu kidogo. Nyuzi bado ngumu ngumu, hazijawa uji, na hilo naipa alama.

Kuna watu wanainunua kwa ajili ya tumbo, wamesikia ina bakteria wazuri. Hii ya chupa, iliyokaa rafuni bila ya friji, imeshapitishwa kwenye moto kiwandani, bakteria wote wamekufa. Na hata wangekuwa hai, sisi tunaipika. Nunueni kwa ladha.

Soseji nimechukua pakiti mbili, ya bei rahisi na ya bei kubwa. Kabla ya kununua, binyeni pakiti. Soseji zikiwa zimegandana bonge moja na ndani mna barafu imejikusanya pembeni, ujue umeme ulikatika zikayeyuka, zikaganda tena. Ziacheni. Ya rahisi nikiikata, ndani laini moja kwa moja, rangi ya waridi, na kwenye orodha yake baada ya nyama yanafuata maji na wanga. Ya bei kubwa unaona nyama imesagwa kwa chenga na mafuta kidogo. Tuone moto utasema nini.

Kikaango kiwe cha stenlesi. Sufuria za alumini hapana, uchachu unagombana nazo, chakula kinachukua rangi ya kijivu na ladha ya bati. Mafuta kijiko kimoja, moto wa wastani, soseji zikatwe mshazari zipate uso mpana, na uziache! Usizigeuze geuze. Kule wanatumia nyama iliyofukizwa moshi, ndiyo inayobeba sufuria nzima. Sisi hatuna, kwa hiyo hii rangi ya kahawia ndiyo moshi wetu. Tazameni sasa: ya rahisi imefura, ikatoka motoni imenywea na makunyanzi. Hii nyingine imetoa mafuta yake, na hayo ndiyo yatakaangia vitunguu.

Toa soseji weka pembeni. Vitunguu maji viwili vikubwa, taratibu mpaka vilegee na kuanza kuwa vitamu. Pilipili manga, kisibiti nusu kijiko, na karafuu mbili. Msinicheke, sikuitia kwa kuwa ni Mzanzibari. Wajerumani wenyewe huchomeka karafuu kwenye kitunguu wakipika kabichi hii, na karafuu haioti kwao. Yetu ya Pemba. Mbili zinatosha, ya tatu chakula chote kitanuka dawa ya meno.

Mbatata zichemsheni kwanza, mbali. Hili watu wengi hawalijui: mbatata mbichi ikiingia kwenye kitu kichachu, asidi inaizuia kulainika, utangoja mpaka adhana ya Isha na bado ina kiini. Zikishaiva ndiyo zikatwe vipande, ziingie kikaangoni zipate ukoko kidogo.

Sasa kabichi. Iminye maji, suuza mara moja tu ukiona chumvi imezidi, usiisuuze mpaka ikabaki majani matupu. Ichanganye na vitunguu, tia nusu kikombe cha maji, funika dakika kumi na tano, ishushe moto. Chumvi usitie kabisa, imo kwenye kabichi na imo kwenye soseji. Kutuliza uchachu wao hutia tufaha. Tufaha kwetu linakuja kwa meli, mimi natia nanasi, vipande vidogo vya kiganja kimoja. Na si mchezo wangu, kabichi kwa nanasi hata Ujerumani ipo. Rudisha soseji dakika tano za mwisho.

Naonja. Mashaallah. Yenye soseji ya bei kubwa, uchachu unakata mafuta, mbatata inatuliza, kisibiti unaisikia kwa mbali. Yenye ile ya rahisi, uchachu umeifichua: unga mdomoni, nyama huioni. Kwenye chipsi na tomato sosi ingepita. Hapa haina pa kujificha. Kwa hiyo chupa naipa saba kwa kumi, soseji ya chenga nane, ile nyingine nne. Kula na boflo, na haradali kama unayo. Kwa wali sikuipenda.

Zile alama tatu za chupa zimeondoka kwa sababu ya bei. Kwa pesa hiyo sokoni Darajani unatoka na kabichi za kushiba, na kabichi na chumvi ndivyo vilivyomo. Kilo moja ya kabichi, chumvi gramu 20 mpaka 25, pima kwa mizani. Katakata nyembamba, ifikiche kwa mkono mpaka maji yatoke, ishindilie kwenye chupa safi, maji yaifunike, kifuniko usikikaze, maana inatoa hewa. Ulaya huiacha wiki tatu mpaka sita kwenye ubaridi wa nyuzi 18 mpaka 22. Kwa joto letu inakimbia, anza kuonja siku ya tano, na ikifika uchachu unaoutaka iingize friji. Ikiota ukungu wenye manyoya, mwaga yote, usikwangue juu ukala chini.

Anayeifanya kule Pemba, Wete au Chake, aniandikie ilichukua siku ngapi, nami ntaisoma hapa hapa.