Ushauri wa kuhamia chuo kikuu Marekani: ofisi ya Mlandege

Kijana wangu, aliyemaliza skuli hapa Unguja na sasa yupo katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) huko California, alipata alama mbovu za hesabu muhula wa kwanza, nasi tukadhani mlango wa University of California umeshafungwa. Mshauri wa ofisi hii ndogo alizipitia alama zake somo kwa somo, naye kijana akiwa kwenye simu, kisha akatueleza jambo ambalo ofisi nyingine tuliyoilipa kabla haikulitaja kabisa: kampasi sita za chuo kikuu hicho, zikiwemo Davis na Irvine, humhakikishia nafasi mwanafunzi wa chuo cha jamii anayetimiza masharti ya wastani na masomo, na maombi hayo hupokelewa Septemba, ilhali Berkeley na Los Angeles hazimo katika mpango huo. Katika rasimu ya insha ya maombi ya kijana, mshauri alifuta aya nzima ya visingizio, akabakisha sentensi mbili kuhusu maradhi ya bibi yake na alama zilizopanda baadaye. Ada yao ni kubwa, na risiti hupewi mpaka uidai. Hata hivyo ninawapendekeza kwa dhati, mradi mzazi aende mapema, kabla ya Agosti.